Nisipomaliza Kausha Damu, Nimeiba?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Kimara. Kwetu jumuiya inasali Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda kutafuta riziki. Ukiwa mseminari, hata kama bado uko mbali kabisa na daraja, watu wanakuita Frateri na wanakuuliza maswali ambayo wangemuuliza Paroko kama Paroko angekuwa na nafasi. Siku hiyo, watu wakiwa wanarudisha viti vya plastiki ndani, mama mmoja akanivuta pembeni, karibu na tenki la maji. Ni mama anayeuza vitumbua na maandazi asubuhi karibu na kituo cha Mwendokasi. Akaangalia huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Frateri, hivi nisipomaliza kulipa kausha damu, nitakuwa nimeiba?"

Nikamjibu haraka. Nina digrii ya falsafa, jamani, na Biblia nilikuwa nayo mkononi. Nikamfungulia Warumi 13:8, pale Mtume Paulo anapotukataza kubaki na deni kwa mtu yeyote ila lile la upendo. Nikamwongezea Zaburi ya 37, aya ya 21, inayomhesabu miongoni mwa waovu mtu anayekopa asirudishe. "Mama, deni ni deni. Jitahidi ulipe, Mungu ataona." Akasema asante Frateri, akainamisha kichwa, akaondoka.

Jioni nikamsimulia mama yangu (bila kutaja jina, lakini mtaa ni mdogo, sidhani kama kulikuwa na haja ya jina). Alikuwa anachambua maharage. Aliacha kuchambua, akanitazama. "Na kanzu yako ya kwanza, unafikiri ilitoka wapi?"

Nilikuwa sijui. Mwaka ninaingia seminari kuu tulipewa orodha ndefu: kanzu, godoro, mashuka, vitabu, nauli, mchango wa familia. Baba alikuwa dereva wa daladala njia ya Kimara hadi Posta, na Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 zile daladala ziliondolewa Barabara ya Morogoro. Tangu hapo alikuwa mtu wa kushika gari la huyu leo, la yule kesho. Mimi nilidhani fedha ya orodha ile ilitoka kwenye kikoba cha mama. Kumbe mama alienda kusaini. Yaani nilikaa darasani nikisoma hoja za Mtakatifu Thomas wa Akwino dhidi ya riba, nikapata alama nzuri kwenye mtihani, nikiwa nimevaa kanzu iliyonunuliwa kwa riba.

Basi makala hii ni jibu langu la pili kwa yule mama. Lile la kwanza lilikuwa la haraka mno.

Tuanze na hesabu, maana mambo ya deni ukianza na hisia utapotea. Alikopa shilingi 200,000. Ofisi ikakata 10,000 "ya fomu", akapokea mkononi 190,000. Marejesho ni 9,000 kila siku kwa siku 30, jumla 270,000. Siku asiyoleta, faini 2,000. Ukiangalia juujuu, riba ni 70,000 juu ya laki mbili, yaani asilimia 35 kwa mwezi mmoja. Lakini si kweli kwamba ni 35 tu. Ikifika siku ya 15 ameshawarudishia 135,000, na bado wanahesabu riba kana kwamba laki mbili zote bado zimelala kwake. Nusu ya pili ya mwezi analipia fedha ambayo hana. Ndiyo maana watu wa mtaani waliita kausha damu. Wengine wanasema mkopo umiza, au komandoo. Hakuna mtaalamu wa uchumi aliyebuni majina hayo. Ni akina mama wa magengeni na madereva wa bodaboda, na naona wameelewa kitu hiki vizuri kuliko mimi na mtihani wangu.

Alilipa siku 19, 171,000. Kisha mtoto akaugua, mtaji wa unga na mafuta ukaingia hospitali. Siku nane hajapeleka kitu. Wakati ananiuliza lile swali alikuwa anadaiwa 99,000 za marejesho na 16,000 za faini. Jumla 115,000, kwa mtu aliyekopa laki mbili na ameshalipa laki moja na sabini na moja.

Sasa, ameiba?

Mtakatifu Thomas anaandika juu ya riba katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae, swali la 78, na kuna mambo mawili pale ambayo nilipoyasoma mara ya kwanza niliyapita tu. La kwanza: anauliza kama ni halali kukopa kwa mtu atozaye riba. Mtu angetegemea aseme hapana, maana unashiriki dhambi ya mwenzako. Hasemi hivyo. Anasema mwenye shida anaweza kukopa kwa yule ambaye tayari anafanya kazi hiyo, kwa ajili ya jambo jema, na dhambi ni ya mkopeshaji. Mfano anaoutumia ni wa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, akawaonyesha mali yake ilipo ili wasimuue. Anatukumbusha wale watu kumi wa Yeremia 41:8 waliookoa maisha yao kwa kusema wana akiba iliyofichwa shambani. Fikiria mfano huo vizuri. Aliyeonyesha mali ilipo kweli alisema kwa mdomo wake mwenyewe, lakini hatusemi alitoa zawadi.

La pili linagusa zaidi. Kuna hoja kwamba anayelipa riba amekubali mwenyewe, na aliyekubali haonewi. Thomas anajibu kwamba huyo hatoi kwa hiari kamili. Anatoa kwa kubanwa na shida, kwa sababu anahitaji fedha na mwenye nayo hataki kumpa bila riba.

Hapa najua kuna msomaji, hasa kijana aliyesoma biashara, atasema: Frateri, alisaini. Hakushikiwa bunduki. Aliambiwa 9,000 kwa siku 30, akahesabu, akatia dole gumba. Mtu mzima anawajibika kwa sahihi yake.

Hoja hiyo si ya kudharau. Bila ahadi zinazoshikwa hakuna biashara, hakuna ndoa, hakuna hata upadre. Lakini hiari si kitu cha ndiyo au hapana. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anatoa mfano wa baharia anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Je, ametupa kwa hiari? Hakuna mtu aliyemshika mkono. Lakini hakuna mtu anayepanda jahazi Unguja akiwa na magunia ya karafuu huku amepanga kuyatupa. Aristotle anaita matendo ya namna hiyo mchanganyiko: yamechaguliwa, ila yamechaguliwa katika hali ambayo mwenye akili timamu hakuwa na lingine. Papa Leo XIII katika Rerum Novarum ya mwaka 1891 alilileta jambo hilohilo kwenye mshahara: mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa sababu ya njaa au hofu ya mabaya zaidi, sahihi yake haiyafanyi masharti yawe ya haki, mtu huyo ametendewa dhuluma. Mkataba wa mkopo ni ndugu wa mkataba wa kazi. Mama mwenye mtoto aliyefukuzwa ada, mbele ya dirisha la ofisi ya mikopo, yuko kwenye lile jahazi.

Nisije nikaeleweka vibaya, maana najua wapo watakaochukua aya hiyo na kwenda nayo mbali. Immanuel Kant, alipotaka mfano wa ahadi ya uongo katika kitabu chake cha mwaka 1785, alichagua mkopo: mtu mwenye shida anakopa, anaahidi kurudisha, huku moyoni anajua hatarudisha. Kijana, kama unakopa kwenye programu tano za simu ukiwa umeshapanga kubadilisha laini, usijifunike na Mtakatifu Thomas. Hukuwa kwenye dhoruba. Huo ni uongo na ni wizi, hata kama uliyemwibia naye ni mwizi. Yule mama alikuwa na nia ya kulipa, na siku 19 zinamshuhudia.

Halafu kuna swali ambalo walimu wangu wangenikata alama nikiliruka. Thomas alikataa riba yote, ya juu na ya chini. Kanisa leo halisemi kila riba ni dhambi. Parokia zetu zina SACCOS na SACCOS zinatoza riba. Tumebadilika, au tumesahau? Papa Benedikto XIV, kwenye waraka wake Vix Pervenit wa mwaka 1745 kwa maaskofu wa Italia, alishikilia kwamba kudai zaidi kwa sababu tu ya kukopesha ni dhambi, lakini akakubali kwamba zinaweza kuwepo sababu nyingine halali, nje ya mkopo wenyewe, za kudai nyongeza. Mfano: gharama za kuendesha ofisi, hatari ya kupoteza, faida ambayo mkopeshaji angeipata fedha yake ikiwa kazini kwingine. Shilingi laki mbili ya Januari si laki mbili ya Desemba, kila anayenunua mafuta ya kupikia anajua. Kwa hiyo mkopeshaji anaweza kuwa na haki ya kitu fulani juu ya mtaji wake. Ugomvi ni kiasi gani, na nani anabeba hatari. Kwenye kausha damu hatari yote anabeba mama wa vitumbua.

Kiasi gani basi? Hapo falsafa yangu inaishia na lazima niwaulize wenye sheria. Nchi yetu ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Inagawa watoa huduma katika madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wale wenye vibanda vya mtaani na wa kwenye simu, wako daraja la pili. Hao wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba: asilimia 3.5 kwa mwezi. Tupige hesabu ya yule mama tena. Asilimia 3.5 ya 200,000 ni 7,000. Yeye alitozwa 70,000. Mara kumi kamili, bila kuhesabu fomu na faini.

Sisemi kila sheria ya nchi ni sauti ya Mungu. Ila pale ambapo dhamiri inajua kuna mpaka na haijui umepita wapi, kigingi kilichowekwa na mamlaka halali ni msaada mkubwa. Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtaji unadaiwa kwa haki, usipoulipa ukiwa na uwezo umemdhulumu mtu. Nyongeza ya kiasi inadaiwa. Kwa yule mama ni 29,000 za mtaji uliobaki na 7,000 za riba: 36,000. Zile nyingine, za kufikia 115,000, si deni la dhamiri. Asipozilipa hajaiba. Katekisimu namba 2269 inazungumzia wafanyabiashara ambao riba na uroho wao husababisha njaa na vifo vya ndugu zao, na inaliweka suala hilo chini ya amri ya tano, siyo ya saba. Chini ya usiue. Neno la mtaani, kausha damu, na Katekisimu vimekutana bila kuambiana.

Nilipofika hapa nikaona nimemaliza, nikampelekea mama yangu jibu. Akasikiliza, akasema: "Na mdhamini wake je?"

Sikuwa nimefikiria mdhamini. Ndivyo tulivyo tunaosoma sana, tunaona watu wawili tu kwenye mkataba. Yule mama alidhaminiwa na jirani yake anayeuza barafu na juisi za watoto, na kwenye fomu kimeandikwa kifaa kimoja: friza. Asipolipa, hawaji kwake, yeye hana cha kuchukua. Wanaenda kwa jirani. Sasa haki yangu yote ya 36,000 inaingia kwenye friza la mtu asiyehusika.

Hili ndilo jambo gumu na sitaki kulipita haraka. Mithali 22:26-27 inaonya juu ya kuweka dhamana kwa madeni ya wengine, isije ikafika siku unachukuliwa hata kitanda unacholalia. Wengi tunasoma hapo ushauri wa kujihadhari: usimdhamini mtu. Lakini Kimara ukiacha kudhaminiana huwezi kuishi. Mwaka 2017, nyumba zilipovunjwa kwenye hifadhi ya barabara kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, walioamka wana alama ya X ukutani walipokelewa na nani? Na majirani, wengine nao wana X. Tumelelewa kwenye kudhaminiana. Mkopeshaji wa kausha damu analijua hilo vizuri; anachokiweka rehani si friza, ni ule ujirani. Anajua mama atakula mlo mmoja kwa siku kuliko kukutana na macho ya jirani yake kisimani.

Kwa hiyo kuna madeni mawili hapa yenye wadai tofauti. Kwa mkopeshaji anadaiwa 36,000. Kwa jirani anadaiwa kumtoa salama, na deni hilo halina ukomo wa asilimia 3.5. Anaweza kulazimika kulipa zaidi ya haki, na akilipa hivyo hatimizi haki ya mkopeshaji. Anatimiza uaminifu kwa jirani. Kwenye daftari ni noti zilezile. Kimaadili ni vitendo viwili tofauti. Na hapohapo ieleweke kwa nini deni la kikoba ni jambo jingine kabisa. Riba ya kikoba inarudi kwa wanachama mwisho wa mwaka. Ukikimbia na fedha ya kikoba umewaibia akina mama wenzako, tena mchana kweupe, na hakuna Thomas wala Leo atakayekutetea.

Turudi kwa friza. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 ina sheria ambayo natamani ingebandikwa kila kituo cha Mwendokasi. Aya ya 6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Aya ya 10 na 11 zinamkataza mkopeshaji kuingia ndani ya nyumba ya mkopaji kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Na kama ni maskini, vazi alilolitoa rehani arudishiwe kabla jua halijazama, alale nalo. Asimame nje! Hata anayedai kwa haki ana kizingiti ambacho hatakiwi kukivuka, kwa sababu ndani kuna watoto.

Mimi si mwanasheria, ila nilimwomba rafiki yangu anayesoma sheria anioneshe, na nilishangaa. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 48, inataja vitu ambavyo hata mtu akishinda kesi ya madai havikamatwi kulipia deni: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, vifaa vya kazi vya fundi. Jiwe la kusagia na vazi la usiku, yale yale, kwa lugha ya wabunge. Na hiyo ni baada ya kesi. Bila amri ya mahakama, vijana watatu na bodaboda ya matairi matatu hawana mamlaka ya kuingia kwako kubeba televisheni, hata wakiwa na barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa si hakimu. Polisi nao si wakusanya marejesho. Deni la mkopo ni jambo la madai, na mahali pake ni mahakamani, kwa kawaida ukianzia Mahakama ya Mwanzo.

Mengine niyapitie. Omba nakala ya mkataba siku unayosaini, na usome kichwa chake, maana wapo wanaosainisha watu "mkataba wa mauziano" wa friza badala ya mkopo, ili siku ukishindwa waseme ulishauza. Usisaini karatasi tupu. Uliza leseni ya Benki Kuu. Kwa Kimara, ambako wengi hatuna hati bali mkataba wa kununulia kiwanja, usiuache mkataba huo kwenye droo ya mtu. Na akina baba sikilizeni: nyumba ya familia haiwekwi rehani na mmoja kwa siri. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, na Sheria ya Ardhi ya 1999 zote zinataka ridhaa ya mwenzi. Aliyekopa kwa kumficha mkewe amevunja kitu kabla hata ya riba kuanza. Msaada wa kisheria wa bure upo, kuna sheria yake ya mwaka 2017, na hapa Dar es Salaam Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hupokea watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Vijana wenzangu wengi hawaendi kwenye kibanda, wanakopea kwenye simu. Huko aibu ndiyo friza. Programu inachota majina ya watu wote kwenye simu yako, ukichelewa siku mbili inamtumia ujumbe mkwe wako, mwalimu wako, Katekista, kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Na kumtangaza mtu hivyo kunagongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, tena ipo Tume ya kupokea malalamiko. Nikiwa muungamishi siku moja, Mungu akipenda, sidhani kama nitaacha kumuuliza kijana anayefanya kazi ya kutuma ujumbe ule analalaje. Najua atasema ni ajira. Ni kweli, ni ajira, na afisa mikopo naye anakatwa mshahara marejesho yasipofika, naye ana mama yake.

Na sisi Kanisa? Hapa naandika kwa kalamu nyepesi, nisije nikaitwa ofisini. Watu wanakopa kwa ajili ya ada, kodi ya nyumba ya miezi sita mbele, hospitali, msiba. Lakini wanakopa pia kwa ajili ya sare ya kwaya, mchango wa harusi ya mtoto wa mwanajumuiya, ahadi ya ujenzi iliyosomwa kwa sauti mbele ya wote. Nimeshakaa kwenye kamati za namna hiyo, na sikuwahi kuuliza fedha ilitoka wapi. Wafransisko wa karne ya 15 waliuliza. Walipoona maskini wa miji ya Italia wanaliwa na wakopeshaji, walisaidia kuanzisha mifuko ya mikopo kwa wenye shida, kama ule wa Perugia wa mwaka 1462, yenye tozo ndogo ya kuendeshea ofisi tu. Kulikuwa na ubishi mkali kama tozo hiyo nayo si riba, hadi Mtaguso wa Tano wa Laterano ukaihalalisha mwaka 1515. Jumuiya yenye familia 30, kila moja ikiweka 2,000 kwa wiki, ina 240,000 kwa mwezi. Ni zaidi ya mkopo wote wa yule mama. Sasa hivi mfuko wetu wa jumuiya upo, ila unafunguliwa mtu akifa.

Serikali nayo ina ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Inataka kikundi kilichosajiliwa na uvumilivu wa makaratasi. Mtoto mwenye homa hasubiri makaratasi, lakini VIWAWA ya parokia inaweza kuyaanza kabla ya homa.

Yule mama nilimfuata Jumatano yake, nikamwomba radhi kwa jibu langu la kwanza. Nikamweleza hili la pili. Alisikiliza lile la mdhamini kuliko yote. Ijumaa tukaenda ofisini watu wanne: yeye, mwenye friza, mwenyekiti wa jumuiya na mimi. Sikuvaa kanzu. Tukaomba nakala ya mkataba, hawakuwa nayo. Tukauliza leseni, kijana wa dirishani akapiga simu ndani, akatoka mtu mwingine mwenye sauti ya upole sana. Baada ya saa nzima faini ikafutwa na wakakubali 60,000 kwa wiki sita. Mimi nilitaka tubishane mpaka 36,000. Nilikuwa na hesabu kwenye karatasi. Mama akanigusa mkono. "Frateri, hiyo 24 siwapi wao. Ni ya friza."

Amebakiza wiki mbili. Mama yangu nimeshamuuliza mara mbili kanzu ile hatimaye iligharimu shilingi ngapi. Anasema nile, ugali unapoa.